Usimpe mgonjwa foleni ya pili

Mimi ni nesi. Miaka mingi nimekaa kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga mjini, kazi yangu sindano na matone, na mama akiingia mlangoni mara nyingi nishajua kama mwanawe amekuja kwa chanjo ya wiki 6 au ya surua. Sasa sikia aibu yangu.

Mwaka 2021 chanjo ya UVIKO-19 iliingia nchini mwezi wa saba, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, na waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wa miaka 50 kwenda juu na wenye maradhi sugu. Mama yangu alikuwa na miaka 67, na sukari ya miaka 11. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba Makorora tukiwabembeleza watu. Jioni moja nikarudi Ngamiani miguu imevimba, nikamuuliza kama mzaha:

"Mama, wewe ushachanja?"

"Bado."

"Si umekwenda kliniki mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi?"

"Nimekwenda. Hakuna aliyeniuliza."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, nesi si wewe?"

Nilikosa la kujibu. Nimebembeleza mama za watu mtaa mzima, wangu amekaa kibarazani ananitazama.

Kliniki yake iliyofuata nikaomba ruhusa kazini nikamsindikiza, bila sare, kama binti tu. Ndipo nilipoona. Wenye sukari wanafika saa 12 na nusu asubuhi tumbo tupu, kwa sababu kidole kinatobolewa kabla hujala. Mama alibeba daftari lake la kliniki, chupa ya maji, na vitumbua viwili vilivyofungwa kwenye leso (nilijifanya sikuviona). Foleni ya faili. Foleni ya uzito na presha. Foleni ya kidole. Foleni ya daktari. Foleni ya dirisha la dawa. Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Kwenye benchi lile ukija leo shukuru ukiondoka leo. Na chanjo? Jengo jingine, ng'ambo ya uwanja, Jumanne na Alhamisi. Kliniki ya sukari ni Jumatano.

Nani arudi kesho yake, kwa nauli nyingine ya bajaji, kwa sindano ambayo kibarazani wameshamwambia kwamba mwenye sukari akichomwa haponi? Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kila chumba kilifanya kazi yake. Ila hakukuwa na chumba ambacho kazi yake ilikuwa kumuuliza yule bibi.

Na ajabu ni kwamba jambo lenyewe tunalijua siku zote. Mjamzito anapokuja kupimwa tumbo anachomwa ya pepopunda hapohapo, wala haambiwi "rudi Alhamisi ng'ambo ya uwanja". Mtoto anakuja kupimwa uzito, kadi inafunguliwa, macho yanakwenda kwenye nafasi iliyo tupu: hii bado. Mtu mzima mwenye figo, presha, sukari au VVU anakuja kliniki mara nyingi kuliko mtoto yeyote, lakini daftari lake halina hata mstari wa chanjo. Kwa mtoto, chanjo ni sehemu ya ziara. Kwa mtu mzima tumeifanya safari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa ninyi mnaowasindikiza wazazi. Chukueni ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki, andikeni juu kwa peni nyekundu: CHANJO. Chini yake jina la chanjo, dozi ya ngapi, tarehe, na tarehe ya kurudi. Vile vikaratasi vya pembeni hupotea, mimi nimeviona vimefungiwa karanga. Daftari halipotei, maana bila daftari hakuna dawa. Halafu unapofika kwa daktari uliza kwa mdomo wako: "Kwa ugonjwa huu wa mama, kuna chanjo anayostahili?" Swali hilo moja. Daktari mwenye wagonjwa 60 nje ya mlango hatalikumbuka peke yake.

Homa ya ini B ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu watu hudhani waliipata utotoni. Iliingia kwenye chanjo za watoto wetu mwaka 2002. Ukiwa umezaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata kabisa. Anayesafishwa damu kwa ajili ya figo anaihitaji, anayeishi na mwenza mwenye virusi hivyo anaihitaji, na sisi tunaoshika sindano kila siku ndio kabisa. Unapimwa kwanza. Kisha dozi 3: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Hiyo ya miezi sita ndiyo husahaulika, kwa hiyo ifungeni na siku ya kliniki badala ya kuitafutia tarehe yake. Na kwa mtu mzima mara nyingi ni ya kulipia, ulizieni bei mapema.

Kwa wenzangu wa sare nyeupe nina maneno mengi zaidi, vumilieni.

Wengi wetu tunadhani kuunganisha huduma ni kubandika tangazo kwenye mlango wa kliniki ya sukari. La. Chukua kibebeo cha chanjo, barafu zake ndani, ukakiweke kwenye meza ya presha. Pale pana wakati. Mgonjwa ameshakaa, mkono ameshaukunja, na kwa daktari hajaitwa. Ukimngoja mpaka atoke dirisha la dawa umemkosa: ana njaa, anawaza vitumbua vyake. Na watu wa sukari hawahitaji somo refu la ubaridi, insulini yao ni ileile nyuzi 2 hadi 8, wengine wanaihifadhi nyumbani kwenye mtungi wa maji. Ukiwaambia sindano imetoka kwenye friji wanaelewa kuliko karani wako.

Maneno nayo ayaseme nesi anayewajua. Siku moja aliletwa mgeni kutoa elimu ya afya asubuhi, akasema vizuri kweli, na mambo yake yote yalikuwa sahihi. Akamaliza, watu wakageuka kumtazama nesi wao wa siku zote, kama wanamwuliza: na wewe unasemaje? Angesema yeye tangu mwanzo tungeokoa nusu saa.

Sasa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na hapa pana ncha. Mwaka ule 2021 vijana wanaotumia dawa za kufubaza virusi walikuwa na haki ya kuchanjwa mapema kwa kuwa wana maradhi sugu. Lakini kijana wa miaka 25 akijipanga na wazee wa miaka 60 kwenye turubai la uwanjani, lazima kuna shangazi atakayeuliza, "We mwanangu, umri wako na foleni hii vipi?" Wengi walikwenda zao kimya. Walipochanjiwa ndani, chumba kilekile wanachochukulia dawa, hakuna aliyeulizwa lolote. Tahadhari yake ni hii: chanjo ikipatikana CTC peke yake, mtaani itaitwa "chanjo ya wale". Iwepo kwa sukari, iwepo kwa wazee, iwepo CTC.

Mabinti wa CTC nao wasisahaulike. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi 1 kwa wa miaka 9 hadi 14, wengi wakiipata shuleni. Kwa binti anayeishi na VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi 2, na 3 ikiwezekana. Mwalimu hajui hali yake, wala hapaswi kuijua. Anayejua ni nesi wa CTC. Yeye asipofungua ukurasa na kuuliza, binti atahesabiwa amemaliza.

Nisiwadanganye kuhusu kazi. Tulipojaribu kwetu, meza iliongezwa, rejista ikaongezwa, mikono haikuongezwa. Wiki mbili za kwanza tulichukiana. Tukaacha kufanya kila siku, tukachagua siku moja kwa mwezi kwa kila kliniki, ile yenye watu wengi, na karani akapewa kazi ya kuchungulia ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya faili kutoka. Hapo pakapumulika.

Siku moja kwa mwezi inasaidia na vichupa pia. Shida ya vichupa ilimkuta mama siku ile niliyomsindikiza, maana sikukubali arudi nyumbani vilevile. Tulikwenda kuomba na tukamkuta dada mmoja yupo na chanjo ingawa si siku yake. Chanjo ile kichupa kimoja kilikuwa cha watu 5, na kikishatobolewa kina saa 6 kwenye ubaridi, kinachobaki unamwaga. Watu walikuwa 4. "Tumsubiri wa tano," akasema dada. Mimi nasema fungua: dozi ikimwagika italetwa nyingine, mzee akiondoka huenda asirudi. Lakini sikuwa na sare siku hiyo, nikanyamaza.

Mama hakunyamaza. Alijifunga leso, akatoka nje mpaka chini ya mwembe walipoegesha bajaji, akamkuta dereva mmoja wa makamo ambaye kila mwezi wanakutana foleni ya presha.

"Baba, wewe si una presha?"

"Ninayo, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo, tumepungukiwa mtu."

Akaja, funguo za bajaji bado mkononi. Kichupa kikafunguliwa saa 5 kasorobo. Mama alichomwa wa nne, akakaa zile dakika 15 za kuangaliwa, akafungua leso, akampa dereva kitumbua kimoja.