Kitalu Nyumba cha Vitu Chakavu: Ninachowajibu Wanaoniuliza Gharama

Hivi karibuni kijana mmoja wa Urambo aliniandikia akitaka kujua anahitaji milioni ngapi kabla ya kuanza kujenga kitalu nyumba, yaani banda la kukuzia mboga chini ya paa la plastiki. Swali hilo ndilo lililowakatisha tamaa wenzangu wengi hapa Tabora, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kitalu nyumba ni lazima kiwe cha mabomba ya chuma na kijengwe na fundi kutoka Dar es Salaam. Mimi nimevuna nyanya mwezi wa Februari, wakati nyanya za nje zinaungua kwa bakajani, ugonjwa unaokausha majani, na sehemu kubwa ya kitalu changu ni vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvitupa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Ulaya kitalu nyumba hujengwa ili kutunza joto. Sisi ambao mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili, na ambao jua la Septemba na Oktoba tunalifahamu vizuri, joto tunalo la kutosha. Tunachohitaji ni paa la kuzuia mvua isilowanishe majani, kwa sababu bakajani hushambulia jani lililokaa na unyevu, na kuta za wavu za kumzuia kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya. Joto la mchana likizidi sana nyuzi 32, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika bila kushika tunda. Kwa hiyo yeyote atakayekushauri uzungushie plastiki pande zote nne anakuandalia tanuri. Paa langu lina mabawa mawili yasiyolingana, moja limelipita jingine kwa karibu nusu mita, na uwazi uliobaki katikati nimeuwekea wavu ili hewa ya moto itokee hapo juu.

Nguzo nilizipata kwa mzee mmoja jirani ambaye aliacha kulima tumbaku na alikuwa anabomoa bani lake la kukaushia. Nilimsaidia kubomoa, naye akaniambia, "Chukua zote, mwanangu, hata misumari." Misumari hiyo niliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa Tabora tunalipuuza: tumbaku na nyanya ni mimea ya ukoo mmoja, na virusi vya batobato la tumbaku huweza kuishi kwa miaka katika mabaki makavu ya majani. Nguzo zile zilikuwa bado zinanuka tumbaku, na vipande vya majani vilikuwa vimenasa kwenye nyufa. Nilivichokoa kwa ncha ya kisu, nikazisugua nguzo kwa maji ya sabuni na klorini, kisha nikazianika juani. Mvuta sigara naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, hata akiwa mkwe wako.

Sehemu ya nguzo inayozama ardhini niliichoma moto hadi ikawa nyeusi, kisha nikaipaka oili chafu na kuiacha ikauke, maana mchwa wa huku hawana huruma. Kuta ni vyandarua vilivyochakaa, vilivyofuliwa na kuunganishwa kwa sindano ya magunia. Kipepeo wa kantangaze hupata shida kupenya humo, ingawa inzi weupe hupenya.

Nilipokwenda kuomba mkopo mdogo wa kununulia plastiki, afisa wa taasisi moja aliniuliza mbele ya wateja wengine kama ninajenga kitalu au banda la kuku. Maneno hayo yananiuma hadi leo. Vijana wenzangu, msimpe mtu wa aina hiyo nafasi ya kuamua ukubwa wa ndoto zenu. Anzeni na mlichonacho, anzeni mwaka huu, na acheni kungoja mfadhili.

Plastiki ya paa, hata hivyo, ndicho kitu pekee ninachowasihi mnunue kipya: ile ya unene wa mikroni 200 iliyotiwa kinga ya jua. Nailoni ya kawaida hukakamaa na kupasuka kabla msimu haujaisha. Msiipigilie msumari moja kwa moja, bali kateni tyubu za baiskeli zilizokwisha, mziweke juu ya plastiki, kisha ndipo ubao na msumari vifuate, na upepo wa mvua za kwanza hautaichana.

Udongo nao una masharti yake. Msijenge mahali palipokuwa shamba la tumbaku, kwa kuwa mnyauko wa bakteria hubaki ardhini na dawa ya kuuponya haipo. Wala msirudie nyanya, bilinganya au pilipili hoho katika tuta lile lile, kwa sababu zote ni za ukoo huo huo. Baada ya nyanya mimi hupanda matango au maharage, na kila mche unaonyauka ghafla ukiwa bado wa kijani huung'oa pamoja na udongo wake na kuutupa mbali na kitalu.