Moshi wa sigara hauoshwi kwa matone

SWALI: Habari daktari. Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 54. Nimeanza kuvuta sigara 1993 na sasa namaliza pakiti moja kwa siku. Tangu mwaka jana nikiendesha usiku taa za magari yanayokuja zinanitawanyikia machoni, na mchana naona kama kuna ukungu. Najitahidi moshi usiniingie machoni: nafungua kioo na kuupuliza nje. Stendi kuna matone ya mitishamba ya "kusafisha moshi machoni", nimeyatumia wiki tatu. Niendelee nayo au nibadilishe dawa? Dereva, Makambako.

JIBU: Acha hayo matone leo, kaka, hata kabla hujamaliza kusoma.

Haipiti wiki bila mgonjwa kunieleza hivyohivyo: daktari, mimi moshi haunigusi macho, navutia nje, nikimaliza nanawa uso. Nawaelewa. Moshi ukiingia jichoni unawasha, machozi yanatoka, basi mtu anaamini madhara yote yako hapo. Ni kweli huo wa nje unakausha macho na kuyafanya mekundu, ila unaopofusha ni ule uliovuta ndani. Sumu zake zinatoka mapafuni zinaingia kwenye damu, na damu hiyohiyo ndiyo inayolisha jicho kutokea nyuma. Ukifungua kioo cha lori unamsaidia utingo wako. Wewe mwenyewe umeshaimeza.

Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu, inalishwa na majimaji yanayotokana na damu. Tumbaku ina kadimiamu, na madini hayo hujikusanya ndani ya lenzi mwaka hadi mwaka. Moshi nao unapunguza vitamini C mwilini, ambayo ni kinga kubwa ya lenzi. Nikimtazama kwa darubini mtu aliyevuta miaka thelathini, mara nyingi katikati ya lenzi nakuta rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Mvutaji ana hatari ya kumpata mara mbili hadi tatu ya asiyevuta, na kwa dalili zako nashuku ndiye anayezitawanya hizo taa. Hakuna tone duniani linaloirudisha lenzi hiyo kuwa angavu. Inatolewa kwa upasuaji, mara nyingi usiofika nusu saa, na inawekwa ya bandia.

Kinachonipa hofu zaidi ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Katikati yake kuna sehemu ndogo tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Nikotini inabana mishipa yake, na gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Sehemu hiyo ikichakaa hatuna ya bandia ya kuweka. Fumba jicho moja, tazama ukingo wa mlango, kisha badili jicho. Ukingo ukionekana umepinda, au kuna doa katikati, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Madereva wengi pia mnavuta sigara badala ya kula, na hilo lina hatari yake. Cuba, kati ya 1991 na 1993, wakati chakula kilipoadimika, zaidi ya watu 50,000 waliugua mishipa ya fahamu, na maelfu kati yao macho yalififia. Wavuta tumbaku walikuwa hatarini zaidi.

Nirudi kwenye matone, maana ndiyo yanayoniumiza roho. Nimeshampokea mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho wa kawaida kabisa, kazi ya asubuhi moja. Alitumia miezi minne kudondoshea maji ya majani ya "kuyeyusha utando". Alipofika kwangu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa na kidonda, jicho jeupe kama la samaki aliyechemshwa. Ndani yake lenzi ilikuwa bado inasubiri kutolewa, lakini mlango wa kupitia ulikuwa umeharibika. Aliyemuuzia alikuwa ameshahama stendi.

Na baadhi ya maduka ya dawa hayana tofauti na huyo wa stendi. Mtu anasema macho mekundu, anapewa matone yenye deksamethasoni, dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe, bila kupimwa. Wekundu unaisha kwa siku mbili, anasifu dawa, anaendelea nayo miezi, anamgawia na jirani. Dawa hiyo ikitumika hovyo inapandisha presha ya jicho na yenyewe inaleta mtoto wa jicho. Nimewakuta wasiovuta hata sigara moja wakiwa wamepofushwa na kichupa cha dukani.

Wengine wanawauzia wavutaji vidonge vya "vitamini ya macho" vyenye beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A. Utafiti uliofanyika Finland na kutangazwa mwaka 1994, uliohusisha wanaume 29,133 wavutaji, ulikuta waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Ndiyo maana vidonge tunavyowaandikia baadhi ya wagonjwa wa retina siku hizi havina beta-karotini. Muuzaji wa mkononi hakuulizi kama unavuta. Wala usije ukahamia shisha kwa kuamini maji yanachuja: Shirika la Afya Duniani lilishaonya kwamba kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa sigara 100.

Kwa upande wako, usiendeshe usiku hadi upimwe. Nenda kwenye kliniki ya macho wakakupanue mboni, wakupime presha ya jicho na waitazame retina. Siku hiyo usiende na gari, utaona ukungu kwa saa kadhaa. Pima na sukari, kwa sababu kisukari na sigara vikikutana kwenye retina vinaharibu haraka. Kuacha sigara hakutaondoa ukungu uliopo, lakini kunapunguza kasi ya ubaya unaokuja, hasa kwenye retina. Ukishindwa kuacha peke yako, mwambie daktari huyohuyo, kuna dawa za kusaidia.

Na hicho kichupa cha stendi usikitupe. Kifunge kwenye mfuko uende nacho kliniki, wakague konea yako wakijua ni nini umekuwa ukiimwagia kwa wiki tatu.