Barua kwa mwanangu: mpira wa mwisho wa Phil Niekro

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Barua yako imefika kwenye simu ya mdogo wako. Alinisomea mara moja, nikamwomba simu, nikavaa miwani nikaisoma mwenyewe taratibu.

Unasema mwenzako wa kazini huko Toronto amekuhadithia habari za Phil Niekro, yule mzee wa besiboli niliyekuwa nakusimulia ulipokuwa ukikaa chini ya meza ya cherehani ukiokota vifungo. Kwamba alipata ushindi wake wa 300 hapohapo mjini kwenu, na siku hiyo hakutumia ile namna ya kurusha mpira aliyofundishwa na baba yake. Ukaniuliza: "Baba, si ndiyo kumkana mzee wake?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayeongeza salamu, ukaandika kwamba huu ni mwaka wa sita hujashika sindano. Nimeyaona yote mawili, na nitakujibu yote mawili.

Nianze na mpira wenyewe, maana ndio ulionivuta. Mwaka 1982, nikiwa Atlanta nafupisha suruali za watu kwenye duka la dobi, jamaa mmoja wa kazini alinipeleka uwanjani. Mchezo sikuuelewa hata kidogo. Ila mpira mmoja ulirushwa kwa watazamaji, jamaa akaudaka, akanipa niushike. Mwanangu, ule mpira umeshonwa kwa mkono! Vipande viwili vya ngozi nyeupe vilivyokatwa kama namba nane, vimekumbatiana, vimefungwa kwa uzi mwekundu, jozi 108 za mishono. Nilipitisha kidole gumba juu ya mshono mzima nikitafuta fundo, nisilione. Aliyeushona alilificha ndani. Tangu dakika ile nikawa mtu wa besiboli.

Na Niekro, aliyekuwa mrushaji wa timu ya Braves ya Atlanta, yaani yule anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, alikuwa anakula mkate wake kwa huo mshono. Warushaji wengine hutegemea nguvu na kuuzungusha mpira kwa kasi. Yeye aliushika kwa ncha za vidole, kucha zimechomekwa kwenye ngozi karibu na uzi, akauachia uende karibu bila kuzunguka. Mpira unapokwenda vile, mshono hukutana na upepo upande huu, kisha ukigeuka kidogo tu hukutana nao upande ule, na kila mara upepo unausukuma kwingine. Unayumba kama tiara iliyokatika uzi. Mpigaji hajui unakokwenda, mdakaji hajui, na aliyeurusha naye hajui. Wenyewe wanauita nakoboli. Huenda polepole, ndiyo maana mkono hauchakai, na ndiyo maana mwaka ule niliomwona, akiwa na miaka 43, alishinda mechi 17 akapoteza 4 tu.

Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe huko Ohio. Mzee naye alikuwa mrushaji katika timu za wachimbaji, akaumia mkono, akajifunza nakoboli ili aendelee kucheza. Akirudi kutoka shimoni alicheza na wanawe uani. Phil na mdogo wake Joe wote wakaupata mpira ule, wote wakafika ligi kuu, na ushindi wao ukijumlishwa ni 539, zaidi ya ndugu wengine wowote wawili. Urithi wenyewe ulikuwa namna ya kukunja vidole tu.

Sasa hiyo siku. Tarehe 6 Oktoba 1985, mechi ya mwisho ya msimu. Atlanta walikuwa wameshamwacha, anarushia Yankees ya New York, ana miaka 46. Ushindi wa 299 aliupata mwanzoni mwa Septemba. Tangu hapo kila akijaribu wa 300 anarudi mikono mitupu. Besiboli ina desturi hii: timu ikishinda, ushindi huandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja, na kabla yake ni warushaji 17 tu waliowahi kufikisha 300 tangu mchezo uanze. Na nyumbani baba yake amelazwa, mgonjwa mahututi.

Sitaki kukuongezea chumvi. Toronto, waliocheza nao siku hiyo, walikuwa wameshajihakikishia uongozi wa kundi lao jana yake, kwa hiyo kwenye msimamo mechi ile haikuwa na kitu. Kwake ilikuwa na kila kitu.

Na kweli, ule mpira wa baba yake hakuurusha. Awamu ya kwanza hakuurusha, ya tano hakuurusha, ya nane hakuurusha. Alitumia mipira ya kawaida, ile ambayo kila mtu alisema hana. Miaka yote watu walikuwa wakimwambia kwamba bila nakoboli yeye si mrushaji, na alieleza baadaye kwamba alitaka japo mechi moja aonyeshe kuwa anaweza. Joe, aliyekuwa amejiunga na timu ileile mwezi uliotangulia, alikuwepo benchi anamtazama kaka yake.

Ikafika awamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, amebaki mpigaji mmoja, Jeff Burroughs, mtu waliyewahi kucheza naye timu moja Atlanta. Hapo Phil akarudisha kucha kwenye ngozi. Akarusha nakoboli. Burroughs akazungusha gongo, akapiga hewa, mechi ikaisha 8–0. Hakuna mrushaji mzee kuliko yeye aliyekuwa amewahi kumaliza mechi nzima ya ligi kuu bila kufungwa hata pointi moja. Alisema haikumwingia akilini kumaliza kwa mpira mwingine wowote, maana ule ndio uliomfikisha pale.

Mwenzako alikuhadithia awamu nane na ushei, mwanangu. Mpira wa mwisho hakuufikia.

Niliisoma habari hiyo gazetini kesho yake, nimesimama, chakula changu cha mchana bado kiko kwenye mfuko. Nikalia. Babu yako alikuwa amefariki miaka miwili kabla, nami sikuweza kusafiri kumzika. Unajua alivyonifundisha: kutarizi shingo ya kanzu, mshono mdogo kama punje ya mtama, na ukienda ovyo anafumua wote bila kusema neno. Nilipofika Marekani nilimwandikia kwa aibu kwamba huku nashona kwa mashine tu, suruali kutwa, tarizi nimeiweka. Nilingoja jibu kama mtu anayengoja hukumu. Akaniandikia kwamba nimtafutie sindano namba 9, za kwetu zinakatika upesi, na nisilale bila kula. Basi. Habari ya tarizi hakuigusa kabisa.

Wakati ule nilidhani amekasirika. Leo nina umri aliokuwa nao yeye, na wewe uko mbali kama nilivyokuwa mimi, nami nakuhakikishia hakuwa na kinyongo. Mzazi akimfundisha mtoto kazi ya mikono, huwa amekwisha kuitoa. Haulizi imetumika siku ngapi. Kule Atlanta mashine ilikuwa inanimalizia kila kitu, lakini fundo la mwisho la pindo nililifunga kwa mkono, fundo la babu yako, linaloingia ndani ya kitambaa lisionekane. Hakuna mteja aliyewahi kulijua.

Kwa hiyo usiniombe radhi kwa kukaa benki ukihesabu fedha za watu. Nilikupeleka shule ili uchague. Nilichokufundisha chini ya ile meza hakiozi, na siku ukikihitaji vidole vyako vitakumbuka kabla yako. Kama hukihitaji kamwe, pia sawa. Nasema kwa moyo mweupe.

Ule uwanja wenyewe usiutafute, ulibomolewa mwaka 1999. Ulikuwa huko chini karibu na ziwa, kwenye viwanja vya maonyesho. Ukipita na wajukuu zangu siku moja, waonyeshe tu upande huo, uwaambie kuna mzee alimalizia hapo.

Mama yako anakusalimu sana, mguu unaendelea vizuri. Nitumie vipimo vya mumeo: bega, mkono, na urefu kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Sikukuu inakaribia, na shingo ya kanzu yake nataka niianze mapema, macho yangu siku hizi yanafanya kazi asubuhi tu.

Wako,
Baba
Tanga