Paa kuezuliwa mara mbili: kabla hujanunua bati nene

Mkuu, umeuliza kama bati za geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) zitakuokoa baada ya paa lako kuezuliwa mara mbili. Nimepaua nyumba Kahama na Shinyanga miaka 14. Jibu langu ni hapana, kama kenchi zako, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, bado zimekalia ukuta tu.

Hili nililijua kwa aibu. Tulipaua madarasa mawili, bati mpya, papi (mbao zinazopigiliwa bati) zimepigiliwa vizuri. Mwanzoni mwa mvua za vuli, kabla hata tone halijadondoka, ukaja ule ubaridi wa ghafla na vumbi lake. Paa tulilikuta shambani kwa jirani, bati zimeng'ang'ania papi vilevile. Kilichoachia ni kenchi: nilizigongelea misumari miwili ya inchi nne kwenye mbao ya ukutani, na mbao yenyewe nimeilaza juu ya tofali, haijafungwa na chochote.

Ule ubaridi ndio upepo wenyewe. Wingu la radi hudondosha hewa iliyopozwa na mvua na barafu. Ikigonga ardhi inatawanyika kwa kasi, tena kali zaidi karibu na chini, usawa wa nyumba zetu. Eneo linalopigwa linaweza kuwa dogo. Ndiyo maana paa lako linakwenda, la jirani linabaki, watu wanaanza kutajana majina kwa uchawi.

Sasa piga hesabu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una nguvu ya kama kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwenye paa la mteremko mdogo upepo unafyonza kwenda juu, hasa kingoni na kwenye kona. Dirisha likifunguka, wa ndani nao unasukuma kutoka chini. Bati la mita 3 laweza kuvutwa kwa zaidi ya kilo 100, lenyewe halifiki 10. Geji nene itakuongezea nini hapo?

Kwa kuwa nyumba imeshajengwa, toboa ukuta kozi (mistari ya tofali) nne au tano chini ya kenchi, pitisha nondo ya milimita 8, ikumbatie kila kenchi. Ukuta wa tope usiuamini kwa kazi hii. Kijijini Mwakata, huku Kahama, Machi 2015, nyumba za tope zilianguka usiku wa dhoruba na watu zaidi ya 40 wakafa.

Baraza lipe paa lake peke yake. Hapo ndipo upepo unapoingilia, na likienda, lisiondoke na vyumba.