Nyinyi mlioingia juzi kwenye kazi ya kuzuia majuala ya plastiki, hebu tusemezane

Juzi tena nimewakuta vijana wetu pale Langoni, hapa Lamu, wamemzunguka mama muuza mboga, simu mbele ya uso wake, kisa juala moja la nyanya. Wanangu, nawapenda na bidii yenu naiona, lakini hili tumelikataza mpaka midomo imechoka.

1. Jueni kilichopigwa marufuku. Hapa Kenya, tangu 28 Agosti 2017 ni juala la plastiki la kubebea vitu, lenye mkono na lisilo na mkono. Plastiki ya mkate iliyofungwa kiwandani, ina jina la kiwanda, haimo. Msinitumie tena picha za mikate.

2. Nyinyi si polisi. Hamkagui, hamshiki mtu, hamnyang'anyi, hiyo ni kazi ya wakaguzi wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali. Faini ya sheria ile inaanzia shilingi milioni 2 hadi milioni 4, ama kifungo, sasa huyo anayeuza mafungu ya nyanya ukimtajia milioni unataka alale vipi usiku?

3. Picha. Hapa naomba mnisikize vizuri. Kuna kijana wetu, mzuri kweli, kwenye usafi wa ufuoni huwa wa kwanza kufika, alimpiga picha mama mmoja muuza samaki akairusha kwenye grupu la mtaa, uso wazi, na maneno makali chini yake. Kufika jioni watoto wa yule mama washachekwa madrasa, mumewe amekuja juu, na mama mwenyewe akaacha kuja sokoni. Na huyo mama ndiye alikuwa akituambia mzigo unashuka lini! Manake majuala hayazaliwi kwenye meza ya samaki, yanavushwa mpaka kutoka nchi jirani, yamekunjwa yakawa kidogo hivi, yakatiwa katikati ya gunia la vitunguu, yakaja na boti kutoka Mokowe kule bara, halafu kuna mtu anayagawa kimya kimya duka kwa duka. Wauza samaki wanamjua mtu huyo kwa sura. Kijana alipelekwa na wazee akaomba radhi, akasamehewa, lakini mpaka leo ukipita pale ukauliza kitu utaambiwa habari za kusi na kaskazi tu, na mwenye mzigo anaendelea na biashara yake. Hilo linaniuma mpaka sasa.

4. Ripoti ni siku, saa, mahali na mzigo. Piga picha gunia, uso wa mtu uache.

5. Wengi wenu mmevutwa na Flipflopi, na mna haki, jahazi la plastiki lililoundwa hapa hapa Lamu likasafiri mpaka Zanzibar 2019 si jambo dogo. Lakini lile limeundwa kwa plastiki iliyokwisha tupwa, sisi tunataka juala lisifike jaani punda akalila, wala baharini kasa akalimeza akidhani ni yavuyavu.

6. Ukimkataza mtu juala mwambie atabebea nini. Kina mama wa Kipungani bado wanasuka vikapu, nendeni mkaongee nao bei ya jumla, mpatane na wauzaji wa soko. Na hilo lifanyike sasa, manake Ramadhani ikiingia kila muuza sambusa na kaimati anatafuta cha kufungia, na mwenye majuala anakuwa keshapita.