Gari Linalogoma Alfajiri: Petroli Imerudi Tangini au Imevuja?

SWALI: Bwana Fundi, assalaam aleikum. Mimi ni mchuuzi wa samaki, nakaa Muyeye, Malindi, na kila alfajiri huenda Ngomeni kupakia samaki kwa gari langu aina ya Toyota Probox lenye injini ya 1NZ. Kwa muda wa miezi miwili sasa, nikipiga stata asubuhi injini huzunguka vizuri lakini haishiki mpaka mara ya pili au ya tatu. Ikishawaka, mchana kutwa haina neno. Fundi mmoja alibadilisha plagi nisione nafuu, na sasa ataka shilingi 12,000 za pampu ya mafuta pamoja na kikombe chake kizima, yaani kile chombo kinachoishika pampu ndani ya tangi. Jirani yangu mwenye Nissan alinifunza kufungua swichi mara tatu kabla ya kupiga stata. Kwake husaidia, kwangu haisaidii. Pesa hizo sinazo. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usizitafute hizo shilingi 12,000 kwanza, kwa sababu dalili ulizozieleza zaonyesha kwamba pampu yako yasukuma mafuta vizuri. Lingekuwa ni pampu iliyochoka, gari lingekosa nguvu ukiwa na mzigo njiani. Kinachokusumbua ni kwamba presha ya petroli iliyobaki kwenye bomba unapozima gari jioni haipo tena alfajiri.

Wewe ni mtu wa samaki, bila shaka umeona lile puto la mpira kwenye bomba la petroli la mashine ya boti, ambalo mabaharia hulibinya mpaka liwe gumu kabla ya kuwasha. Ndani yake mna vali inayoruhusu mafuta kwenda mbele na kuyazuia yasirudi. Gari lako nalo lina vali kama hiyo, imejificha ndani ya pampu tangini, na ikichoka, petroli hurudi tangini polepole usiku kucha. Asubuhi stata hulazimika kuzunguka huku pampu ikilijaza bomba upya. Hapo ndipo ushauri wa jirani yako ulipokwama: katika Nissan, pampu hufanya kazi kwa muda wa kama sekunde moja pale swichi inapofunguliwa, ilhali katika Toyota nyingi pampu husubiri mpaka stata ianze kuzunguka, kwa hiyo kufungua swichi hata mara kumi hakujazi kitu.

Lakini presha hupotea pia kwa njia nyingine, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyiza petroli katika injini, ambazo wengine huziita injekta, zikiwa chafu au zimelika mdomo, hudondosha petroli ndani ya injini wakati gari limelala. Shida hizi mbili hufanana kwa anayesikiliza stata tu, na kuzitenganisha hakugharimu hata senti.

Kesho alfajiri piga stata sekunde tatu bila kugusa kanyagio la mafuta, uache, kisha upige tena. Injini ikishika mara moja katika mara ya pili, bila moshi mweusi wala harufu ya petroli nyuma, basi mafuta yamerudi tangini. Keshokutwa fanya kinyume: kanyaga mafuta mpaka chini na ukae hivyo huku ukipiga stata mara ya kwanza. Katika magari mengi ya nozeli, kompyuta ikiona kanyagio limefika chini wakati wa kuwasha huzifunga nozeli ili injini ijikaushe, kwa hiyo gari likiwaka upesi kwa namna hiyo, na likatoa moshi mweusi, ujue injini ilikuwa imelowa petroli. Achilia kanyagio mara tu linaposhika. Kisha fungua plagi zako, ambazo bado ni mpya: moja ikiwa imelowa au imekuwa nyeusi kuliko nyenzake, nozeli ya silinda hiyo ndiyo mwizi.

Ukipata fundi mwenye geji ya presha ya mafuta, mlipe apime, kwani ni nafuu kuliko kukisia. Injini yako inapounguruma yapasa geji isome PSI (kipimo cha presha) 44 hadi 50, na dakika tano baada ya kuzimwa isiwe imeshuka chini ya PSI 21. Kabla ya kulegeza bomba lolote, aondoe fyuzi ya pampu na kuliacha gari lijizime lenyewe, atoe waya wa hasi wa betri, na kazi ifanyike nje, mbali na sigara na jiko. Asibane bomba la plastiki kwa koleo ili kujua presha inapotelea wapi; bomba hilo hupasuka, na hapo utakuwa na shida mbili.

Ikiwa ni vali, huna haraka. Endelea kuwasha kwa mapigo mawili mafupi, ambayo huumiza stata na betri kidogo kuliko pigo moja refu, huku ukiweka akiba. Siku ya kutengeneza, mwambie fundi akague kwanza vijipete vya mpira vinavyoziba viungo vya pampu ndani ya kikombe, kwa maana vikikauka huvujisha presha vilevile, na bei yake ni ndogo. Vikiwa vizima, nunua pampu peke yake badala ya kikombe kizima, na chujio la chini lisafishwe papo hapo. Mtu akikushauri uweke vali ya boti kwenye bomba la gari, mshukuru ukatae, kwani haikutengenezwa kwa presha ya namna hii.

Ikiwa ni nozeli, usingoje. Petroli inayodondoka huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuizimua oili yote, na injini ikilika hutaiponya kwa shilingi 12,000. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, zipeleke nozeli zikaoshwe kwa mashine na kupimwa, na oili ibadilishwe siku hiyohiyo. Ile ambayo bado yadondosha baada ya kuoshwa, ibadilishe hiyo moja.

SWALI: Tuktuk yangu ya petroli yenye kabureta husumbua kuwaka kila ikikaa siku mbili bila kazi. Je, ni shida hiyohiyo? (Msomaji, Maweni)

JIBU: La. Kabureta haina presha ya kupotea. Petroli iliyo katika kibakuli chake hukauka kwa joto la pwani. Fungua koki ya mafuta, subiri dakika moja kibakuli kijae, vuta choki, ndipo uwashe. Na siku utakapoiegesha kwa muda mrefu, funga koki injini ikiwa bado inaunguruma na uiache imalize mafuta yaliyomo, ili yasikaukie humo na kuacha utandu kwenye vitundu.