Mbona Warusi hawatoki barabarani?

SWALI: Mwalimu, salamu sana kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni fundi simu na hapa kwa kibanda changu kila jioni ni mjadala. Juzi tulikuwa tunaangalia video ya vita vya Ukraine, jamaa mmoja wa boda akasema Warusi wote wanapenda hivyo vita, juu kama hawavipendi wangetoka barabarani vile sisi tulitoka Juni 2024 kukataa Mswada wa Fedha. Nikakosa jibu. Kwani hao watu hawana uchungu na watoto wao? Na tafadhali usinijibu kitabu, nijibu kama tuko steji.
Fundi, Kondele

JIBU: Fundi, kwanza nimecheka, juu wewe ni mtu wa Kisumu na pengine ulizaliwa Russia (wasomaji wa mbali, hiyo ni hospitali kubwa pale mjini, Wasovieti ndio walisaidia kuijenga na jina limekwama mpaka leo).

Sasa huyo wa boda mwambie hivi: walitoka. Vita vilipoanza 24 Februari 2022 watu waliingia barabarani Moscow, St Petersburg na miji mingine mingi, na ndani ya wiki mbili hivi OVD-Info, hao ndio huhesabu wanaokamatwa huko, walikuwa wameandika zaidi ya watu 13,000. Tarehe 4 Machi ikaja sheria mpya, ukisambaza kile wanaita habari za uongo kuhusu jeshi unaweza kulala ndani mpaka miaka 15. Hata neno vita vyombo vya habari vilikatazwa, uite operesheni maalum ya kijeshi. Kuna msanii anaitwa Sasha Skochilenko, alienda supermaketi St Petersburg akatoa vile vikaratasi vya bei kwa rafu akaweka vyake, kimoja kikisema jeshi limepiga bomu shule ya sanaa Mariupol ambako watu walikuwa wamejificha. Yaani umeenda kununua unga, unainama uangalie bei, unapatana na hiyo. Mteja mmoja mzee akaripoti. Novemba 2023 akafungwa miaka 7, akatoka tu Agosti 2024 waliposhirikiana na nchi za Magharibi kubadilishana wafungwa.

Lakini woga peke yake hautoshi kueleza. Si hata sisi 2024 tulijua risasi ziko, na bado watu wakaenda? Tofauti ni kwamba tulijua wengine wanakuja. Ulikuwa unaona kwa simu, unaona kwa TikTok, unasikia mtoto wa jirani anafunga kamba za viatu, basi na wewe unachukua chupa ya maji unatoka. Serikali ya mabavu kazi yake kubwa ni kukunyima hiyo habari moja, usijue mwenzako anafikiria nini. Mtu akiwa na hasira na anadhani ni yeye pekee, atarudi kitandani.

Hapa niruhusu niongee kama mzee. Wewe labda ulikuwa hujazaliwa 1988 tukipiga kura ya mlolongo. Mimi nilikuwa mwalimu kijana karibu na Nakuru, kura za mchujo za KANU, chama pekee wakati huo, zinafanyika kwa uwanja wa shule, hakuna sanduku wala karatasi, unapanga laini nyuma ya mgombea wako ama picha yake na kila mtu anakuona, chifu anakuona, mkubwa wako anakuona, yule wa kukupa barua ya uhamisho pia anakuona. Nilisimama kwa laini ambayo sikuitaka. Mbele yangu kulikuwa na jamaa tulikuwa tunalalamika naye usiku uliopita, nyuma yangu mwingine, sote watatu tunaangalia visigino vya mwenye yuko mbele, hakuna aliyegeuka. Mtu akitupiga picha siku hiyo angesema hawa wanampenda mgombea wao sana! (Na pale kwingine laini ndefu ilishindwa na fupi, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Kwa hivyo ukisoma kwamba utafiti wa Levada, shirika la Urusi la kupima maoni ya watu, umeonyesha Warusi zaidi ya asilimia 70 wanaunga mkono jeshi lao, wewe fikiria mlolongo. Mtu usiyemjua anabisha mlangoni, anakuuliza unaonaje vita vya serikali, na unajua kuna mtu amefungwa juu ya vikaratasi vya bei. Ungesema nini? Wengi hawajibu kabisa.

Mfano wa karibu zaidi ni Uganda. Shuleni tulifunzwa hesabu na mwalimu Mganda aliyekuwa amemkimbia Amin, walikuwa wengi upande huu miaka hiyo. Alikuwa akitaka kutaja jina la Amin anaangalia dirisha kwanza, na yuko Kenya tayari! Mwisho wa Oktoba 1978 Amin akaingiza jeshi Kagera, Tanzania, akatangaza ni mali ya Uganda. Kampala kimya. Nani angeandamana wakati hata Askofu Mkuu Luwum alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia? Mtu wa nje angesema Waganda wanapenda vita. Halafu 11 Aprili 1979 Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaingia Kampala, na watu walewale waliokuwa kimya wakajaa barabarani wakishangilia jeshi la nchi ambayo rais wao alikuwa anapigana nayo. Miezi mitano tu.

Kitu kingine ni nani anaenda kufa. Kama ni mtoto wa Moscow kila nyumba, kelele ingekuwa nyingine, lakini wengi wametolewa sehemu maskini kama Buryatia na Dagestan, wengine jela, na siku hizi ni pesa. Julai 2024 Moscow ilitangaza rubli milioni 1.9 kwa anayesaini mkataba wa jeshi. Hata vijana wetu wamevutwa, Novemba 2025 serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako huko. Angalia Septemba 2022, Putin alipotangaza kuchukua wanaume 300,000 kwa lazima, ghafla wanawake wa Makhachkala, Dagestan, wakawa wanasukumana na polisi. Vita vilikuwa vimefika mlangoni. Na waliobaki na hasira na pesa kidogo wakakimbia, laini ya magari kwenda mpaka wa Georgia haikuonekana mwisho. Hao pengine ndio wangekuwa mbele kwa maandamano.

Sikudanganyi lakini, wako wanaopenda kwa roho moja. Bendera ni pombe. Na sisi tusijifanye, Oktoba 2011 jeshi letu lilipoingia Somalia wewe uliandamana? Mimi niliangalia ramani kwa televisheni nikajivuna.

SWALI: Mwalimu, kama raia wananyamaza, vita vya nchi za hivyo huisha vipi?
Mama wa duka, Nakuru

JIBU: Mara nyingi huisha wakishindwa, mama. Argentina, 30 Machi 1982 wafanyakazi waliandamana kupinga majenerali wakapigwa vibaya. Siku tatu baadaye majenerali wakateka visiwa vya Falkland vilivyokuwa mikononi mwa Uingereza, na uwanja uleule wa Plaza de Mayo ukajaa watu wa kushangilia, nadhani wengine walikuwa bado na alama za rungu mgongoni. Juni 14 jeshi likasalimu amri, na kabla wiki iishe Galtieri, mkuu wa hao majenerali, alikuwa ametolewa kwa kiti.

Wakati mwingine ni wanajeshi wenyewe wanachoka. Ureno ilipigana kung'ang'ania makoloni yake, Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, miaka 13 hivi, raia nyumbani wanaogopa polisi wa siri, vijana wengi wanatorokea Ufaransa wasiandikishwe. Walioamua ni makapteni waliokuwa wamerudishwa msituni mara ya pili, mara ya tatu. 25 Aprili 1974 wakaingia Lisbon na magari ya vita kupindua serikali, wakaomba watu kwa redio wabaki nyumbani. Watu wakakataa kubaki, wakatoka wakawawekea maua kwenye mitutu ya bunduki. Msumbiji ikapata uhuru mwaka uliofuata, 25 Juni, tarehe ileile vijana wetu waliingia Bunge 2024.